Tupeane uzoefu: Kifaransa cha "naenda kufanya" na "saa fulani hivi" kilikuumbua wapi?

Mzee wa Karatu
Wakuu habari za jioni. Binti yangu kaleta kazi ya nyumbani, "Qu'est-ce que tu vas faire demain ?", yaani utafanya nini kesho, nikacheka peke yangu mpaka mama yake akauliza kulikoni.

Nilikuwa ndiyo nimeanza kuongoza watalii Wafaransa. Jioni lojini nikachukua chaki, nikaandika ubaoni kwa mbwembwe zote: "Demain, on va partir vers 12 h", yaani kesho tutaondoka saa 12 hivi. Kichwani nina saa kumi na mbili alfajiri, muda lango la Ngorongoro linapofunguliwa. Asubuhi niko nje, gari linaunguruma, maboksi ya chakula yako kwenye siti, mayai ya kuchemsha bado yana moto. Saa moja. Saa mbili. Naambiwa wageni wamelala. Walishuka saa sita na robo wameoga, wamevaa kofia, wana furaha. Hiyo robo ilitoka wapi? Si niliandika "vers"!

Leteni zenu.

Nusu Mkate
12 h 😂😂 Mimi yangu ilikuwa usaili wa kazi. Tuishie hapo.

Mwalimu wa Jioni
Wanafunzi wangu wote hupita hapo, tena sikio huwaangusha kuliko tarakimu. "Deux heures" na "douze heures" zikisemwa haraka ni mapacha: duzeri, duuzeri. Hiyo ya kwanza ni saa nane, ya pili ni saa sita. Dawa ni ndogo: saa sita mchana sema "midi", saa sita usiku sema "minuit", "douze" achana nayo.

Abiria
Mwalimu, treni za Ufaransa zinatangazwa "douze heures trente". Ukikaa unasubiri kusikia "midi" utalala steshenini.

Mwalimu wa Jioni
Nimesema USEME, sijasema usisikie.

Roli Kumi na Nane
Mimi "tout à l'heure" ndiyo iliyonilaza chini ya roli. Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, mzigo wa Lubumbashi. Wakala anakuja asubuhi, "le chef, tout à l'heure". Anapita jioni, "le chef, tout à l'heure". Mimi kwenye kijitabu changu nimeandika: baadaye kidogo. Nikangoja usiku wa kwanza, wa pili. Kumbe asubuhi alikuwa anasema bosi NIMEMWONA muda si mrefu, nenda ukasaini! Neno moja, linaangalia mbele na nyuma kama kinyonga.

Halafu wakaja na "dans huit jours". Nikahesabu siku nane, kumbe ni wiki. Na "quinze jours", siku kumi na tano, ni wiki mbili. Watu wameendelea mpaka wana ndege za kivita, wiki inawashinda kuhesabu?

Bibi Mtondoo
Wanahesabu na siku ya leo, ndiyo maana. Usiwacheke sana. Ila wana umaskini wao: wana "demain" na "après-demain", basi. Sisi tuna kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Ingawa vijana wa siku hizi ukiwaambia mtondo wanadhani ni chakula.

Miye wa Bukavu
Huku mutu akikuambia "j'arrive" kwenye telefone, ujue hata kuoga bado. "Niko nakuya" ni ile ile. Ukiona iko na haraka kabisa, atasema "j'arrive, j'arrive" mara mbili. Hiyo ndiyo ameshaanza kutafuta kiatu.

Mrundi wa Kariakoo
Mnashangaa "tout à l'heure"? Kwetu "ejo" ni jana na ni kesho pia. Hatupotei, kwa sababu kitenzi ndicho kinachokuonyesha njia. Sikilizeni kitenzi tu.

Kigoma Mwisho wa Reli
"Sikilizeni kitenzi." Mimi nilikisikiliza, ndugu yangu. Sikutaka kuandika humu ila umenigusa.

2011, Bujumbura. Mjomba wangu alikuwa anapeleka mawese na migebuka kutoka Kigoma, akaugua huko huko, akapasuliwa tumbo. Nilikwenda kumuuguza mimi, kwa kuwa ukoo mzima ndiye niliyekuwa "najua Kifaransa": miezi sita ya madarasa ya jioni. Na manesi tulisema Kiswahili, lakini daktari alikuwa mzungu mgeni, hana hata "jambo".

Siku ya tatu aliniambia "Il va bientôt quitter l'hôpital". Nikaielewa neno kwa neno: va, anaenda kufanya; quitter, kutoka. Mjomba karibu anaruhusiwa. Nilijiona msomi.

Siku ya tano asubuhi nimetoka kununua chai, nakutana na yule daktari kwenye korido. Kanishika bega. "Monsieur, votre oncle vient de nous quitter." Nikapiga hesabu yangu: venir ni kuja. Anakuja kutuacha. Yaani leo ndiyo leo, anatoka! Nikatabasamu mpaka jino la mwisho. "Merci, docteur ! Merci beaucoup !" Nikamshika mkono, nikautikisa. Naukumbuka uso wake mpaka kesho.

Nikaenda soko kuu, lile lililoungua 2013, nikanunua shati jeupe la mikono mirefu ili asirudi nyumbani na nguo za hospitali. Nikampigia mke wa mjomba Kigoma: anatoka leo. Nikasikia vigelegele kwenye simu.

Narudi wodini, kitanda kimetandikwa shuka jipya, limekazwa. Nesi akaliangalia lile shati, akasema taratibu: "Kaka, daktari hakukuambia?"

Alikuwa ameniambia. "Vient de" ni ametoka kufanya, sasa hivi. Si anakuja.

Simu ya pili kwa mke wa mjomba sitaisimulia.

Nusu Mkate
Pole sana mkuu. Nimeweka simu chini kwanza.

Mzee wa Karatu
Aisee. Pole ndugu yangu. Na mimi nalialia mayai.

Hoja Binafsi
Pole, ila kuna kitu hakiingii akilini. Bujumbura mtaa mzima wa Buyenzi ni Kiswahili, manesi wanajua Kiswahili, iweje habari kama hiyo upewe kwa Kifaransa koridoni?

Mrundi wa Kariakoo
Kasema daktari alikuwa mgeni. Soma kabla hujaandika.

Hoja Binafsi
Nimesoma. Nauliza tu.

Bibi Mtondoo
Mtu anasimulia msiba wewe unataka ushahidi. Ulikuwepo?

Kigoma Mwisho wa Reli
Mwacheni. Hata mimi nilijiuliza hilo swali miaka. Nilipomjibu "merci" huku nacheka, labda alidhani nimechanganyikiwa. Alisimama tu, halafu akaondoka.

Mwalimu wa Jioni
Pole sana. Hili kosa nalisahihisha kila muhula, ila sikuwahi kulisikia limefika huko. Kwa wenzetu wengine: "je vais manger" naenda kula, "je viens de manger" nimetoka kula. Kitenzi cha mwisho hakiguswi. Hako ka-"de" ndiko kanakurudisha nyuma.

Saluni ya Matonge
Nipo Brussels, nasuka nywele. Jifunzeni na "dans" na "en". Mteja aliniuliza nikajibu "je vais finir dans deux heures", kwamba nitamaliza baada ya masaa mawili. Mwingine nikamwambia "en deux heures", kwamba kazi yenyewe inachukua masaa mawili, na kuna watu watatu mbele yake. Akarudi na mumewe, kanuna. Na huku "tout à l'heure" hawaitumii sana, wanasema "tantôt". Nayo inakwenda pande zote mbili, msifurahi.

Abiria
Kwa hiyo Roli akihamia Ubelgiji anarudi chini ya roli.

Roli Kumi na Nane
😂 Nimehamia mzigo wa Mtwara.

Miye wa Bukavu
Ingine: mama mukwe akikuuliza utakuya lini, usimwambie "je vais venir". Atapika. Sema "je viendrai". Hiyo haina tarehe.

Mwalimu wa Jioni
Sarufi yako ni nzuri, tabia mbaya.

Mtahiniwa
Samahani wakuu nadandia uzi. Kesho nina mtihani wa kuongea, DELF A2, cheti cha Kifaransa. Mwalimu kaniandikia "viens vers dix heures". Vers maana yake naweza kuchelewa kidogo?

Abiria
Robo saa mbele au nyuma haina shida.

Mwalimu wa Jioni
Ina shida! Vers ni ya kwenda kunywa kahawa. Mtihani fika nusu saa kabla.

Hoja Binafsi
Mpigie umuulize kwa Kiswahili.

Mzee wa Karatu
Mdogo wangu, dix heures ni saa nne. Saa NNE asubuhi. Usije ukatokea saa kumi.

Mtahiniwa
Duh. Asante mkuu, nilikuwa nimepanga kupitia Kariakoo kwanza.