Bluberi za barafu, unga au juisi? Niko Tabora

Kiloleni_Kwetu: Wakuu, shemeji anapanda treni Dar Ijumaa kuja huku. Abebe bluberi za barafu, unga wa kopo au juisi ya boksi? Nasikia zinajenga mwili. Pesa ninayo ya kitu kimoja tu.

Isevya_Mjini: Mwili wa nani? Umri? Ana sukari, presha? Unaleta uzi nusu unataka majibu mazima.

MamaMapera: Juisi achana nayo. Kikombe cha bluberi, gramu 150 hivi, kina sukari kama gramu 15, ila nyuzinyuzi zake karibu gramu 4 zinaichelewesha. Ukichuja, umezitupa.

Mgebuka_Kigoma: Za barafu nazijua mimi! Mwaka juzi nilitumiwa paketi mbili kwa basi, ndani ya ndoo ya rangi iliyozungushwa selotepu. Basi likaharibika njiani, likalala huko. Kesho yake stendi napokea ndoo inavuja, maji ya zambarau yamelowesha begi la mama mmoja. Ndani kuna sare nyeupe za kwaya! Nililipa sare tatu. Bluberi zenyewe zilinuka kama togwa iliyopitiliza.

Isevya_Mjini: Pole. Doa lilitoka?

Mgebuka_Kigoma: Wapi.

Mzee_wa_Miombo: Barafu ya nini, na zambarau zipo? Ile rangi inayobaki ulimini ni anthosiani, ndiyo wanayoisifia kwenye bluberi.

MamaMapera: Mzee wangu, rangi moja si tunda moja. Mzambarau ni ndugu wa mpera, bluberi ukoo mwingine. Na kwa vitamini C hazioni ndani: gramu 100 za mapera zina miligramu 200 na ushee, bluberi hazifiki 10.

Mzee_wa_Miombo: Nilijua utafika kwenye mapera.

Kiloleni_Kwetu: Samahani wakuu, ni za baba. Miaka 68, anachoma insulini. Na anameza warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda.

Isevya_Mjini: Hilo ndilo la kuanza nalo! Bluberi zina vitamini K, ile inayosaidia damu kuganda. Si nyingi, ila wa warfarini habadilishi mlo ghafla. Huo unga usiuguse kabla hujauliza kliniki.

Kiloleni_Kwetu: Sasa shemeji abebe nini?

Mgebuka_Kigoma: Asibebe ndoo.

Mzee_wa_Miombo: Furu je? Nimeziona sokoni juzi, nyeusi ti, kopo 500.

MamaMapera: Kopo lipi, la maziwa au la nyanya?