Machicha yamekaza, maji ya kimea yanatoka tone tone: naomba ushauri wa haraka

Mpikaji_Mtulivu

Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada, mashi (nafaka zilizopaazwa na kulowekwa kwenye maji moto) bado imo kwenye sufuria.

Napika bia ya ngano, lita 20. Nafaka jumla ni kilo 5.5: kimea cha shayiri kilo 3, kimea cha ngano kilo 2, oti bapa nusu kilo. Maji lita 15, nikashikilia nyuzi 66 kwa saa nzima. Chini kuna sahani ya matundu, koki iko chini yake, na pampu ndogo inayavuta maji na kuyarudisha juu. Mwanzoni yalizunguka vizuri, kisha yakaanza kupungua, na sasa pampu inanguruma tu huku mpira umejaa mapovu. Nimeizima, nimefungua koki yote, yanatoka matone. Nimepata kama lita 2 tu. Juu ya machicha maji yamesimama, hayashuki.

Nimwage nianze upya, au kuna njia ya kuyaokoa?

KokiNaMpira

Usimwage chochote. Funga koki sasa hivi mkuu.

Maji yakisimama juu huku koki ikitoa matone, maana yake chini ya sahani ni patupu. Hakuna kinachoyabeba machicha kutoka chini, kwa hiyo uzito wote wa maji unayagandamiza kwenye matundu. Ukizidi kufungua unazidi kukaza. Ifunge na uiache dakika tano, maji yapenye yenyewe yajaze ile nafasi.

Kisha koroga sufuria nzima, polepole, mwiko ufike karibu na sahani bila kuikwangua. Acha yatulie dakika kumi. Fungua koki robo tu. Maji ya kwanza yatatoka na unga; yakinge kwenye jagi na uyarudishe juu taratibu, ukiyamwagia kwenye kisahani kilichowekwa juu ya machicha ili yasichimbe shimo. Yakianza kutoka bila chembechembe, ndipo uanze kukusanya. Pampu iache kwanza.

BintiKimea

Naunga mkono, ila kabla ya kukoroga mimi ningesukuma maji kutoka chini. Pasha lita 4 hadi karibu kuchemka, weka chombo hicho juu kuliko sufuria, unganisha mpira kwenye koki, fungua pole pole. Maji yatapanda kupitia sahani, yatang'oa unga ulioziba matundu na kuliinua tabaka lote. Kama mashi imeshuka hadi nyuzi 64, lita hizo 4 zitaipandisha karibu na 70, na maji ya sukari yakiwa moto ni mepesi, hupita kwa urahisi zaidi. Baadaye ukisuuza machicha kutoa sukari iliyobaki, punguza lita 4 hizo kwenye hesabu.

Tafadhali funga mpira kwa klipu kwenye koki na uvae glavu. Mpira ukichomoka na maji ya nyuzi 95 ndani, utaungua vibaya.

Na kama una makapi ya mpunga, gramu 250 hadi 300, yasuuze kwa maji moto uyakoroge humo sasa hivi. Hujachelewa.

Mpikaji_Mtulivu

Imekubali! Makapi sina, lakini nilivyosukuma maji kutoka chini mapovu makubwa yalipanda, tabaka likainuka kipande kizima kisha likapasuka katikati. Nikakoroga, nikasubiri. Koki iko robo na sasa unatoka uzi mwembamba usiokatika, maji yameshakuwa safi. Asanteni sana, nilikuwa nimekata tamaa.

Sasa naomba kujua chanzo. Bia za shayiri tupu hazinisumbui hivi.

MzeeWaShayiri

Pole kijana, na hongera kwa kutulia. Kabla sijasema mengi: ulipaaza mwenyewe? Rola za mashine ya kupaazia uliziweka umbali gani? Na nafaka zote zilipita pamoja?

Mpikaji_Mtulivu

Shikamoo mzee. Ndiyo, mwenyewe, zote kwa pamoja isipokuwa oti. Rola ziko milimita 0.7, kwa sababu zikiwa wazi zaidi punje nyingi za ngano zinapita nzima.

MzeeWaShayiri

Marahaba. Basi hapo ndipo pa kuanzia.

Kinachochuja bia yako ni maganda ya shayiri. Sahani kazi yake ni kuyashikilia maganda tu. Yenyewe haichuji unga. Ngano haina ganda, linabaki shambani wakati wa kupura, na oti bapa zimeshakobolewa. Kwa hiyo kilo 2.5 kati ya 5.5 hazikuchangia hata ganda moja, na kazi yote zimeachiwa kilo 3 za shayiri. Halafu shayiri hiyo hiyo umeipitisha kwenye milimita 0.7, maganda yakakatikakatika. Bia ya shayiri tupu huvumilia hilo kwa sababu maganda ni mengi. Hii haivumilii.

Punje ya ngano ni ndogo na ngumu, kwa hiyo sababu yako ya kubana rola ni ya kweli. Dawa ni kupaaza mara mbili: shayiri peke yake kwenye milimita 1.1 hivi, kisha ubane upaaze ngano peke yake. Ngano ikitoka na unga mwingi si tatizo kubwa mradi maganda ya shayiri yamebaki mazima.

Usiamini namba zilizochorwa kwenye kirungu cha mashine, zinahama. Pima kwa vile vibati vyembamba ambavyo mafundi magari hupimia nafasi ya plagi, ncha zote mbili za rola na katikati. Kama huna, kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, ikipita kwa kubanwa kidogo, ujue umebana mno kwa shayiri. Kisha chota konzi moja uitandaze kwenye karatasi nyeupe. Unataka ganda lililofunguka kwa urefu, karibu zima, na kiini kimevunjika chenga mbili tatu. Ukipuliza na maganda yakaruka kama vumbi, rudi kwenye rola.

Kuna na hili ambalo wengi hawalijaribu: dakika kumi kabla ya kupaaza, nyunyizia shayiri maji kidogo sana, gramu 15 hadi 20 kwa kila kilo, huku ukigeuzageuza kwa mkono. Ganda linalainika na kunyumbuka, kiini kinabaki kikavu. Maganda yanatoka makubwa mpaka unashangaa. Ukimaliza kausha rola kwa brashi zisishike kutu.

KokiNaMpira

Mzee amesema kweli, lakini tusiiache pampu ipone. Mkuu, umeandika mwenyewe kwamba mwanzoni maji yalizunguka vizuri. Kama ni maganda peke yake, ungeona shida tangu mwanzo. Pampu ilivuta kwa kasi kuliko machicha yanavyoweza kupitisha, ikamaliza maji ya chini ya sahani, ikavuta hewa, na kila dakika ikakaza zaidi.

Pampu za aina hii hupunguzwa kasi kwa koki iliyo upande wa kutolea maji, si upande wa kuvutia. Ukibana upande wa kuvutia unazidisha mapovu. Njia nyingine ni kuacha maji yashuke yenyewe kwenye ndoo ndogo, halafu pampu ivute kutoka kwenye ndoo. Hapo haiwezi kuyagusa machicha.

Nililofanya kwangu na sitaliacha: kabla ya koki nimeweka tii (kiungo cha bomba chenye njia tatu), na kwenye tii mpira mwembamba unaopitisha mwanga, umesimama wima ubavuni mwa sufuria hadi juu. Koki ikifungwa, maji ndani ya mpira yanalingana na maji ya sufuria. Ukifungua, yanashuka kidogo. Yakishuka sentimita chache ni sawa. Yakianza kuporomoka kuelekea chini, machicha yanakazwa wakati huo huo, na unawahi kubana koki kabla hujaona dalili yoyote kwenye mtiririko.

Hamira_Hai

Mbona oti hamzisemi? Oti bapa zina beta-glukani, ndiyo ule utelezi wa uji wa oti, na kimeng'enya kinachoikata hakistahimili joto. Ukianzia nyuzi 66 kinakufa kabla hakijafanya kazi. Aanze kwa kupumzisha mashi kwenye nyuzi 42 kwa dakika 15 hadi 20.

Kwa nafaka hizi inawezekana hata kwenye chombo kisichopashwa moto: changanya na lita 8 tu za maji hadi mashi isome 42, subiri, kisha ongeza lita 7 hadi 7 na nusu za maji yanayochemka, kidogo kidogo ukikoroga na kipimajoto kikiwa ndani. Utafika 66, na jumla ya maji ni ile ile aliyotumia leo.

BintiKimea

Hesabu yako ni nzuri Hamira, lakini kwa nusu kilo ya oti mimi nisingemsumbua nayo. Hiyo ni asilimia 9. Kimea cha siku hizi beta-glukani yake nyingi imeshakatwa kiwandani wakati wa kuoteshwa. Oti zikifika robo ya nafaka, au akiingiza rai (nafaka ya jamii ya ngano), hapo nakubaliana nawe bila ubishi, kwa sababu rai inanata kuliko zote. Kwa sasa arekebishe rola, aweke makapi asilimia 5, atulize pampu.

MzeeWaShayiri

Mwanangu, makapi ni msaada mzuri, ila nashauri asiyaweke kwenye pishi lijalo. Akiyaweka pamoja na kurekebisha rola, hatajua kipi kilichomponya, na atabaki anayanunua maisha yake yote.

BintiKimea

Mzee, kwa heshima, ngano asilimia 36 na oti juu yake? Pishi likikwama anapoteza nusu siku. Mimi ningeweka, kisha nipunguze mapishi yanayofuata.

Mpikaji_Mtulivu

Nimewaelewa wote. Nitapaaza mara mbili na kuweka ile tii ya mpira, makapi nitayaweka pembeni yakiwa yameshasuuzwa, tayari kama yakihitajika. Nina maswali mawili ya mwisho: mashi imekaa zaidi ya saa mbili, bia itaharibika? Na namaliziaje kusuuza?

KokiNaMpira

Haiharibiki. Vimeng'enya vimeendelea kukata sukari kidogo, bia inaweza kuwa kavu zaidi mdomoni kuliko ulivyopanga. Cha kuogopa ni mashi kupoa chini ya nyuzi 50 na kukaa hivyo, bakteria wa uchachu wanapenda hapo. Wewe hukufika huko.

Nafaka kilo 5.5 hunywa takriban lita 5 na nusu, kwa hiyo kwenye zile 15 za mwanzo tarajia lita 9 na nusu. Umeshaongeza 4, na ukitaka 25 kabla ya kuchemsha zimebaki kama 11 na nusu za kusuuzia, zikiwa nyuzi 75 hadi 77. Mwagia taratibu, maji yabaki sentimita mbili au tatu juu ya machicha muda wote, yasikauke juu. Lita moja kila dakika mbili inatosha. Na koki iache hapo hapo kwenye robo.

Mpikaji_Mtulivu

Niko lita ya 17 sasa, uzi haujakatika. Hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu, ziko mezani.