Mume ni mwanajeshi, tunahamahama. Nisomee kazi gani?

BintiMaweni: Asalam aleikum. Niko Malindi, bwana'ngu ni KDF, jeshi la Kenya. Tulikuwa Gilgil, sasa yeye yuko kambi ya Manda, Lamu, kesho sijui wapi. Kila nikipata wateja, uhamisho huo! Nataka ujuzi wa kuhama nao: ushonaji, urembo au kompyuta? Usingizi sina.

MamaSalma: Waaleikum salaam. Shona, mwanangu. Mimi nimesomesha watoto kwa cherehani. Idd ikikaribia nashona madera hadi usiku wa manane, miguu imekufa ganzi na wateja bado wako mlangoni. Siku hizi lakini watu wanapenda ya kununua tayari.

KobeWaMida: Ungeolewa na mvuvi wa Mayungu. Huyo hapewi uhamisho 😂

FundiGede: Tumjibu dada. Kazi yoyote, tazama cheti kwanza. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ni wa taifa: gredi ya 3, halafu 2, halafu 1. Hata aliyefunzwa na fundi wa mtaani anaufanya. Wake wa wanajeshi Marekani wana MyCAA, mpango wa jeshi lao, inawalipia masomo hadi dola 4,000, na bado walikuwa wakihama jimbo leseni inagoma, mpaka sheria ya Januari 2023 ilipowalegezea. Sisi mtihani ni mmoja, Malindi hadi Isiolo. Una chuo tayari?

BintiMaweni: Kipo. Cha urembo.

FundiGede: Wanafunzi wao wanafanya mtihani wa NITA?

BintiMaweni: Wana cheti chao wenyewe, wanasema cha kimataifa. Nusu ya karo nishalipa, nilikopa kwenye chama. Bwana hajui bado. Lakini mwalimu anafundisha vizuri, na ni karibu, narudi kumnyonyesha mtoto.

MamaSalma: Deni la chama, na mume hajui! Nyumba haijengwi hivyo, mwanangu. Mwambie leo.

MachoMawili: Hii imetungwa. Baada ya al-Shabaab kushambulia kambi ya Manda Januari 2020, mke gani wa mwanajeshi anamwaga hapa kambi ya mumewe? Na chuo hakina jina.

BintiMaweni: Kambi ya Manda ilitangazwa dunia nzima. Chuo sikitaji kwa kuwa bado nasoma hapo. Wiki hii tunatoa nyusi kwa uzi: ncha moja naiuma kwa meno, uzi nausokota katikati, nikitanua vidole unywele unatoka na mzizi wake. Mteja akitoa chozi nimevuta vibaya. Hilo nalo nimelitunga?

MachoMawili: Haya, yaishe.

FundiGede: Basi mkono unaupata, usiache. Ila nusu iliyobaki usilipe kabla hawajakuandikia kama watakusajili NITA. Wakikataa, nenda NITA Mombasa mwenyewe, uulize kituo cha mtihani kilicho karibu nawe.

BintiMaweni: Ijumaa nalipa, nishaahidi. La NITA nitamuuliza mwalimu kesho asubuhi kabla ya darasa. Na bwana akipiga simu usiku nitamwambia, MamaSalma.