Hedhi imekoma, joto limepungua, sasa huku chini ndiko kunawaka

mama_vitenge
Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo? Nina miaka 54, nauza vitenge Kariakoo. Hedhi ilikoma nikiwa na 51. Mwanzoni shida ilikuwa joto: nakunja kitenge cha mteja, mara moto unapanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho linadondokea kitambaani. Mteja anarudi nyuma, "Mama unaumwa?" Na Februari ya Dar mnaijua. Malaria nimepima mpaka basi, haionekani.

Sasa joto limepungua, nikajua nimevuka. Wapi! Ukeni pamekauka, tendo la ndoa linauma hadi namkwepa baba watoto, mkojo unachoma. Duka la dawa wanasema UTI, nameza antibayotiki, baada ya muda hali ni ile ile. Shoga yangu anasema nikapime homoni. Hela yenyewe ya kuungaunga. Nipime?

nesi_mstaafu
Marahaba mwanangu. Hela hiyo iache mfukoni. Kwa umri wako, hedhi ikikata miezi 12 mfululizo, tunajua bila maabara. Utaambiwa estrojeni, homoni ya kike, iko chini, na FSH, homoni ya ubongo ya kuziamsha ovari, iko juu, maana ubongo unaita na ovari haziitiki tena. Si ugonjwa.

Estrojeni haiporomoki milele. Miaka kama miwili baada ya hedhi ya mwisho inakuwa imetulia huko chini. Joto kwa wengi hupoa taratibu, ingawa wapo wanaohangaika nalo miaka saba na zaidi. Uke na njia ya mkojo ni habari nyingine: vinaishi kwa estrojeni. Vikiikosa muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba, bakteria walinzi wanapungua, ndiyo huo ukavu na kuchoma. Hiyo haiondoki yenyewe, inazidi. Kwa hiyo siyo kila kuchoma ni UTI. Kabla ya antibayotiki nyingine, dai mkojo uoteshwe maabara, waone kama kuna bakteria wa ugonjwa. Kisha muulize daktari kuhusu estrojeni ya kupaka ukeni. Inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Kama umewahi kuugua saratani ya matiti, mwambie mapema.

bibi_harusi_mstaafu
Mie nilijifukiza na kuoshea ndimu, shoga.

nesi_mstaafu
Ndimu weka kwenye samaki! Ngozi imeshakuwa nyembamba, unaichoma tena? Maji matupu kwa nje yanatosha, na siku ya tendo tumieni kilainishi cha maji. Jambo lingine: damu ikirudi, hata tone, usingoje, nenda hospitali. Mara nyingi si saratani, lakini lazima waangalie.

mama_vitenge
Asante mama. Kumbe nameza dawa za bure. Kuotesha ndiyo kule majibu unayafuata baada ya siku mbili tatu? Jumatatu dukani kumepoa, nitamwachia binti. Kilainishi nacho nikakiombeje pale duka la dawa? Muuzaji ni kijana wa jirani, ananiita shangazi.

nesi_mstaafu
Nenda duka la mtaa wa pili.