Mjadala: Waziri wa elimu atoke darasani au kwenye utaalamu?

Swali limeibuliwa na safari ya Profesa Joyce Ndalichako, aliyechaguliwa mbunge wa Kasulu Mjini 2020: mtaalamu wa upimaji wa elimu, kiongozi wa Baraza la Mitihani, kisha waziri wa elimu wa Tanzania kuanzia Desemba 2015 hadi Januari 2022. Watu wa Tabora wanamweka mkabala na Margaret Sitta wa Urambo, aliyetoka urais wa Chama cha Walimu akawa waziri 2006.

Mdau, Kasulu: Utaalamu kwanza. GPA, yaani wastani wa alama, ilipoingia 2014 kwenye matokeo ya mitihani, mzazi wa Buhigwe aliona namba tu. Ndalichako akarudisha madaraja Januari 2016. Hesabu yake hata bibi anaiweza kwa vidole: masomo saba bora, A ni 1, F ni 5. Pointi 7 hadi 17, daraja la kwanza. D mbili na F tano ni 33, daraja la nne hilo.

Mwalimu, Urambo: Hizo F tano ndizo hoja yangu, mkuu. Kipimo kinasema mtoto ana homa, hakisemi homa ya nini. Mama Sitta alikuta fizikia na kemia zimefanywa somo moja, zikatenganishwa. Aliyeshika chaki haambiwi kwa nini: mwalimu aliyesomea kemia na bayolojia chuoni, umpe sura ya umeme? Ataandika notisi ubaoni, watoto wanakili, basi.

Ofisa mstaafu, Tabora: Wanangu, mnabishania kiti. Kamishna wa Elimu anatoa waraka, lakini shule ziko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa. Chukueni Waraka Na. 5 wa 2015, elimu bila ada. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka; 4,000 ni za vitabu, shuleni zinafika 6,000. Shule ya watoto 900 inapata 450,000 kwa mwezi. Humo humo chaki, mitihani ya majaribio, bawaba ya mlango wa choo. Profesa au mwalimu, hesabu ni ile ile.

Mdau, Kasulu: Shikamoo mzee. Kwa hiyo wasifu wa waziri hauna maana?

Ofisa mstaafu, Tabora: Marahaba. Unayo, kwenye kupanga tarehe. Mtaala mpya ulianza 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na shule ya msingi kwa mtaala huo ni miaka sita. Wale wa la tatu, na wale wa la nne wa mwaka huo waliobaki na miaka saba ya zamani, wanamaliza wote 2027. Januari 2028 sekondari ya kata iliyozoea mikondo mitatu ya kidato cha kwanza itapokea kama sita.

Mwalimu, Urambo: Na maabara moja.