Masikio ya mama yaliuma ndani ya chemba ya oksijeni: tuzuieje?

Mlezi wa Mama: Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mfupa wa taya la mama yangu uliathirika baada ya tiba ya mionzi ya saratani, naye amepangiwa vipindi 30 vya oksijeni katika chemba ya mgandamizo, yaani chumba kilichofungwa ambamo mgonjwa hupumua oksijeni huku mgandamizo wa hewa ukipandishwa. Siku ya kwanza masikio yalianza kuziba mara tu mgandamizo ulipoanza kupanda, lakini aliona haya kumsumbua mhudumu, akavumilia. Alipotoka alikuwa ameshika sikio la kushoto, akisema anasikia kama mtu aliye ndani ya mtungi. Je, itabidi aache tiba?

Muuguzi wa Chemba: Mpe mama pole nyingi. Asikate tamaa, ila asirudi ndani kabla daktari hajalichungulia sikio hilo. Nyuma ya ngoma ya sikio pana uwazi wenye hewa, unaopumua kwa mrija mwembamba utokao nyuma ya pua. Mrija usipofunguka wakati mgandamizo unapanda, ngoma huvutwa ndani, na vimishipa vyake huweza kuvuja damu. Kwa hiyo azibue masikio mapema, kabla hayajauma, kwa kumeza mate, kupiga miayo, au kubana pua na kupuliza polepole. Akipuliza kwa nguvu anaweza kuumiza hata sikio la ndani. Na maumivu yakianza, aseme papo hapo, kwa kuwa mhudumu anaweza kusimamisha mgandamizo, kuupunguza kidogo, kisha kuendelea taratibu. Huko si kumsumbua. Ndiyo kazi yake.

Mpiga Mbizi: Nakazia neno «mapema». Baharini, mita 10 za kwanza huongeza mgandamizo mara mbili na kuifanya hewa ya sikioni isinyae hadi nusu, kwa hiyo shida kubwa huwa mwanzoni. Mimi hubana pua huku nikimeza. Njia hii ni ya upole zaidi.

Muuguzi wa Chemba: Akiwa na mafua, atoe taarifa ili kipindi kiahirishwe. Mionzi ya kichwa na shingo huweza kuudhoofisha mrija huo, na mbinu hizi zikishindwa, daktari wa masikio anaweza kupachika kijirija kidogo kwenye ngoma ili hewa ipite. Dawa za kuzibua pua asitumie bila ushauri, hasa kama ana shinikizo la damu.

Mlezi wa Mama: Ahsanteni sana. Ngoma imekuwa nyekundu lakini haikutoboka, na daktari amempumzisha kwanza. Jioni hii ameketi na kikombe cha maji, anabana pua na kumeza funda moja moja, nasi tumekubaliana na mhudumu kwamba akigusa sikio, mgandamizo usimame.