Ulinganisho: bastola, bunduki ndefu au sprei ya pilipili kwa mvuvi kwenye mito ya dubu, Alaska

Mshipi aliandika:

Wakuu, salaam. Mwezi wa saba nakwenda Alaska kuvua samoni wekundu na shemeji yangu. Siku tatu za mwanzo tutakuwa mto Kenai na mto Russian, kwenye msongamano wa wavuvi. Baada ya hapo ndege ndogo inayotua majini itatushusha upande wa hifadhi ya taifa ya Katmai, siku tano, sisi wawili na hema letu tu.

Shemeji ana rivolva ya .44 Magnum na shotigani. Kasema nichague moja nibebe, nyingine abebe yeye. Mimi katika maisha yangu yote sidhani nimefyatua zaidi ya risasi hamsini. Kuna watu wananiambia niachane na bunduki nichukue kopo la sprei ya pilipili, wengine wanasema sprei ni ya kupandia milima tu, mtoni kuna upepo na maji. Nina watoto wawili wadogo nyumbani na sitaki kubahatisha. Waliowahi kusimama kwenye mito hiyo, nielezeni nini kinafaa na kwa nini.

Kasia49 alijibu:

Mkuu, kabla ya kulinganisha nguvu za risasi, linganisha mikono. Ukiwa unavua umesimama kwenye maji ya mapajani, mkono mmoja una fimbo, mwingine una mshipi. Macho yako majini. Mgongo umevipa vichaka, na mto unanguruma kiasi kwamba tawi likivunjika nyuma yako husikii. Dubu hujui amefika mpaka umemwona, na ukimwona kawaida hayuko mbali.

Sasa chukua bunduki ndefu uiweke kwenye picha hiyo. Utaishika na nini? Msimu wangu wa kwanza nilikuwa naiegemeza kwenye mti ukingoni, hatua kumi hivi nyuma yangu, nikijiona nimejilinda. Asubuhi moja nikageuka kutoa samaki kwenye ndoana, nikamkuta dubu kijana wa kahawia amesimama katikati yangu na ile bunduki. Alikuwa amelowa mpaka mabegani, maji yanamchuruzika kidevuni. Akanusa begi langu, akanusa kitako cha bunduki kama anavyonusa gogo, akakohoa, akaingia vichakani. Nilibaki na fimbo mkononi na samaki anarukaruka miguuni. Tangu siku ile kitu kisichokaa mwilini mwangu sikihesabu kuwa ni kinga.

Kwa hiyo kwa mvuvi ulinganisho wa kweli ni kati ya vitu viwili vinavyoweza kukaa kifuani: bastola au sprei. Nasema kifuani kwa sababu kiunoni panalowa, na ukivaa ile ovaroli ya mpira inayopanda mpaka kwapani, chochote ulichofunga kwenye mkanda wa suruali kiko ndani ya mpira.

Bi_Mkizi alijibu:

Nakubaliana na Kasia. Naongeza takwimu, kwa sababu kila mwaka zinanukuliwa nusunusu.

Kuna tafiti mbili ambazo kila mtu anazitaja, zote za Alaska, na watafiti wa dubu Tom Smith na Stephen Herrero wamo katika zote mbili. Ule wa 2008 uliangalia visa 83 vya sprei kati ya 1985 na 2006. Sprei ilimsimamisha dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya visa, dubu mweusi asilimia 90. Watu waliokuwa na sprei walipokutana na dubu kwa karibu, asilimia 98 hawakujeruhiwa. Ule wa 2012 uliangalia visa 269 vya silaha za moto, tangu 1883 mpaka 2009. Bastola zilifaulu asilimia 84, bunduki ndefu asilimia 76.

Wapenzi wa sprei huishia hapo. Lakini mizani haiko sawa. Visa vingi vya sprei vilihusu dubu aliyekuja kwa udadisi au kutafuta chakula, si wote waliokuwa wanashambulia. Visa vya bunduki vilitoka zaidi kwenye kumbukumbu za matukio mabaya, na mtu aliyempiga risasi dubu yakaisha salama huenda hakuandikwa popote. Ukisema 92 inaishinda 84 basi mjadala umekwisha, hujasoma vizuri.

Mimi kilichonikaa kichwani ni sababu zilizofanya bunduki zishindwe. Muda haukutosha. Dubu alikuwa karibu mno. Bunduki ilikwama. Risasi ziliisha. Mtu alishindwa kufungua kitasa cha usalama. Na waliofyatua waliumia sawa tu na wale waliokuwa na bunduki wasiitumie. Hayo yote ni mambo ya mtu na mazoezi yake, si ya ukubwa wa risasi. Mtu mwenye risasi hamsini maishani, Mshipi mdogo wangu, ndiye hasa anayeelezwa pale.

Mzee wa Mto alijibu:

Vijana, msiitupe bunduki haraka hivyo. Nimefanya kazi kwenye kambi za uvuvi misimu tisa na sijawahi kulala bila shotigani ndani ya hema. Sprei ndani ya hema ni kujipulizia mwenyewe. Mvua ya kulala inayopigwa na upepo wa pwani ikikukabili usoni, ile pilipili hairuki mbali. Na yupo dubu, mmoja mmoja, aliyejifunza kuwa wavuvi ni chakula, anayerudi mara ya pili na ya tatu usiku uleule. Huyo mimi namtaka mbele ya mtutu.

Kwa anayejua kutumia: shotigani ya geji 12 yenye risasi nzito ya donge moja, si chembechembe za kupigia ndege. Au raifo yenye nguvu, .375 H&H au .45-70. Kwa bastola, .44 Magnum inaheshimika, siku hizi wengi wamehamia milimita 10 kwa sababu inapiga risasi nyingi na hairudi nyuma kwa ukali. .44 ya shemeji yako ukiifyatua kwa mkono mmoja ulioloa utapiga mti.

Lakini jiulizeni kitu kimoja. Dubu wa kahawia hukimbia kilomita 56 kwa saa. Hiyo ni mita 15 kwa sekunde. Akitoka kichakani mita thelathini, una sekunde mbili za kumwona, kuachia fimbo, kuchomoa, kulenga kitu kinachopanda na kushuka, na kufyatua. Mimi nafanya mazoezi hayo kila mwezi wa tano kabla sijapanda ndege, na bado najua sekunde mbili ni chache. Asiyefanya mazoezi asibebe. Anamhatarisha mwenzake aliyesimama karibu yake kuliko dubu.

Na mkiua, kazi haijaisha. Sheria ya Alaska inakuruhusu kuua dubu kulinda maisha, iwapo hukumchokoza wewe, hukumvuta kwa samaki uliowatelekeza, na umejaribu njia nyingine zilizowezekana. Kisha ngozi pamoja na kucha zake, na fuvu, unavichuna na kuvikabidhi kwa idara ya samaki na wanyamapori, na ripoti ndani ya siku 15. Si nyara yako, ni mali ya jimbo. Nimewahi kumsaidia mtu kuchuna dubu wa namna hiyo, tumeinama kwenye matope kwa muda wa saa nne mvua inanyesha, huku mmoja wetu amesimama analinda dubu wengine wasije kwenye harufu ya damu. Jike lilikuwa lina maziwa. Sijasahau.

Raia Mpya alijibu:

Mshipi, swali ambalo hakuna aliyekuuliza: unaingia Marekani kwa viza gani?

Sheria ya serikali kuu inamkataza mwenye viza ya muda, ya utalii ikiwemo, kuwa na bunduki au hata risasi, isipokuwa ana leseni halali ya uwindaji iliyotolewa ndani ya Marekani au anaangukia vighairi vingine vichache. Leseni ya uvuvi haihesabiki. Wenye ukaazi wa kudumu hawamo kwenye katazo hilo. Watu husikia kwamba Alaska haidai kibali cha kubeba bastola tangu 2003, wakadhani ni ruhusa kwa kila aliyefikisha miaka 21. Ni kwa yule ambaye sheria inamruhusu kuwa nayo kwanza. Na shemeji anayekukabidhi huku akijua hali yako naye anavunja sheria. Hili linaweza kukufungia mlango wa kuingia nchi ile moja kwa moja.

Kuhusu hifadhi, tangu Februari 2010 unaweza kubeba silaha ndani ya hifadhi za taifa kwa kufuata sheria ya jimbo, ila kubeba si ruhusa ya kufyatua.

Wanaopita Kanada kwa gari, bastola iacheni nyumbani kabisa. Bunduki ndefu za kawaida mnazitangaza mpakani na kulipia fomu.

Mshipi aliandika:

Raia Mpya, umeniokoa. Naingia kwa viza ya matembezi na leseni ya uwindaji sina. Kwa hiyo mimi ni sprei, hakuna mjadala tena, na shotigani itakaa na shemeji peke yake, yeye ni raia. Nimempigia simu jana usiku, alikuwa halijui hilo na ameshtuka.

Sasa nisaidieni upande huo. Mzee wa Mto ameniogopesha na ule upepo. Na nikiwa na samaki kwenye ndoana, dubu akatokea, nafanya nini kwanza?

Bi_Mkizi alijibu:

Unakata mshipi. Kabla ya kopo, kabla ya kitu kingine chochote. Samaki anayepiga maji ni kengele ya chakula, dubu anaijua sauti ile kuliko sauti ya mtu. Akishapata samaki mmoja kutoka kwenye ndoana ya mvuvi, atawafuata wavuvi wote wa mto ule, na mwisho wake atapigwa risasi na mtu ambaye wewe hukumwona. Ndiyo maana nalisema kwa ukali. Mkasi mdogo uning'inie kifuani, si ndani ya begi.

Mwaka juzi nilikuwa na samoni mkubwa, nimemvuta dakika kumi, bado mita tano anifikie. Jike na watoto wawili wakatokea kwenye kona ya mto ng'ambo. Mkono ulikataa kabisa kukata. Nilijikuta nahesabu samaki niliokuwa nao kwenye barafu. Yule mama aliinua kichwa, masikio mbele, akaweka mguu wa kwanza majini, ndipo nikakata. Maji yakatulia. Akasimama, akatazama pale samaki alipokuwa akiruka, akageuza watoto wake. Nilirudi nyuma polepole mpaka ukingoni nikiongea naye kwa sauti ya kawaida. Kopo lilikuwa mkononi na sikulitumia.

Mengine kwa haraka. Usikimbie. Samaki uliowavua wasikae kwenye kamba majini nyuma yako. Mabaki ya kusafishia yakatwe vipandevipande na kurushwa kwenye mkondo unaokwenda kasi, yasibaki ukingoni. Chakula chote kwenye kopo gumu la kuzuia dubu, mbali na hema. Na kwa siku tano Katmai, penye dubu wapatao 2,200, tafuteni uzio mdogo wa umeme wa betri mzungushe hema. Usiku huo uzio utafanya kazi kubwa kuliko bunduki ya shemeji, kwa sababu unafanya kazi mkiwa mmelala.

Dubu wa kahawia akikugusa akiwa anajilinda au analinda watoto, lala kifudifudi, tanua miguu, funika shingo kwa mikono, begi libaki mgongoni. Dubu mweusi akikugusa, pigana naye kwa kila ulichonacho.

Mzee wa Mto alijibu:

Uzio naunga mkono. Ningeutaja mwanzo.

Kasia49 alijibu:

Upepo, Mshipi. Ni kweli unapunguza umbali, na ukikukabili kidogo itakurudia machoni. Lakini mchezo wa sprei ni wa mita chache. Kopo lililosajiliwa kwa ajili ya dubu lina viini vya ukali wa pilipili vya asilimia 1 hadi 2, linatakiwa lifike angalau mita 7.6 na litoke angalau sekunde 6. Usinunue yale madogo ya kujikinga na wahuni. Unaanza kupuliza dubu akiwa mita tisa hivi, unalenga chini kidogo mbele yake ili aingie mwenyewe kwenye wingu. Sentimita chache kulia au kushoto si tatizo, wingu ni pana. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na risasi kwa mtu ambaye mikono inatetemeka.

Usibebe kwenye ndege ya abiria, haliruhusiwi mkononi wala kwenye mzigo. Nunua Anchorage, na nunua mawili, kila mtu lake. Yule wa ndege ndogo mwambie mapema kwamba mnayo, atayaweka ndani ya maboya ya ndege, si kabini. Likipasuka kabini rubani haoni. Usiliache kwenye gari lililoanikwa juani, likipita nyuzi 50 linaweza kupasuka. Na tafadhali usipulizie hema au mashua kama dawa ya mbu. Ikishakauka dubu wanaifuata harufu yake, Smith mwenyewe aliwaona wakijibiringisha juu yake.

Ukifika, nunua na kopo la mazoezi, lile lisilo na pilipili. Vaa ovaroli, vaa glavu zilizoloa, shika fimbo. Shemeji aite "dubu!" kutoka nyuma bila kukwambia lini. Achia fimbo, geuka, toa kidude cha usalama kwa dole gumba, puliza. Mara ya kwanza kidude kitakushinda, glavu zinateleza. Rudia mpaka kidole kikijue bila macho, kisha kesho yake rudia tena ukiwa ndani ya maji.